Kabula wa Kwenye Chupa

Katika maduka mawili matatu ya mtaa wa Kanyenye, mjini, kwenye rafu wanakopanga asali, siagi ya karanga na vitu vingine vya watu wanaokula mkate kila siku, kulikuwa na chupa za jamu zenye picha ya mtoto. Mtoto wa kike, hajatimiza miaka miwili, mashavu yamejaa kama kaficha maandazi, macho yamezama ndani ya unono huo, na shingoni kafungwa uzi mweusi. Hatabasamu. Chini yake pameandikwa kwa herufi za kijani: "Jamu ya Ntalali. Tunda la Porini, Lishe ya Nyumbani." Watu walikuwa wakiishika chupa, wanaigeuza geuza, wanasema, "Tazama katoto kalivyonona!" Kisha wanainunua.

Mtoto huyo ni Kabula. Aliyepika jamu ni bibi yake, Eustadia, na kama kuna mtu aliyeamini kila neno lililoandikwa kwenye lebo ile, kuliko hata walioliandika, alikuwa yeye.

Eustadia alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mkulima wa Isenga, kijiji kilicho njia ya Sikonge. Mchapakazi, Mkatoliki wa benchi la pili, mkono wake katika mapishi hauna mpinzani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, na wala haukuwa wa kupelekwa hospitali: alipenda sifa. Ukimsifia asubuhi, basi mpaka jua linazama hakusikii kwa jambo lingine. Ugonjwa huo wengi tunao, ila si wengi unaowagharimu kama ulivyomgharimu yeye.

Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa Recheli, dada wa marehemu mumewe. Recheli alikuwa Mmoraviani, lakini dini iliwatenganisha Jumapili tu. Siku nyingine sita walichota maji pamoja, wakachimba karanga pamoja na kutaniana kama mawifi wanavyotaniana, maneno makali yanayopita bila kuacha jeraha. Recheli hakuwa na watoto. Alikuwa na meno machache, mdomo mkali, na jiwe lake.

Jiwe hilo lilikuwa la kupasulia mbula. Mbula ni tunda la porini, watoto hulila njiani wakitoka shule, nyama yake laini na tamu ya unga unga. Lakini wenyewe wa Unyamwezi hawakuwa wakiishia kwenye nyama. Kokwa walizikusanya, wakazianika, wakazihifadhi mpaka miezi ya njaa, Januari na Februari, vihenge vinapokuwa vinakwanguliwa. Hapo wanawake walikaa chini, jiwe juu ya jiwe, wakazipasua moja moja. Ni kazi ya kuumiza vidole, kwa maana kokwa ile ni ngumu, na ndani yake unapata viini viwili tu, vidogo, vyenye mafuta. Viini hivyo wakavitwanga, unga wake ukaingia kwenye uji wa watoto na kwenye mboga. Ukoo wa kina Recheli walisimulia kwamba babu yao mkuu, aliyebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi na miguu yake yote miwili, alikuwa na mfuko wa unga huo kifuani, chini ya nguo, ambako hata mwenye msafara hakuujua.

"Nyama ya tunda ni ya kuchezea mdomo," Recheli alizoea kusema. "Mtu hujengwa na kiini."

Eustadia naye alijengwa hivyo, na bintiye Benedikta akajengwa hivyo. Mpaka Renatus alipofika.

Renatus alikuwa mtaalamu wa shirika moja la mjini, kijana mpole mwenye pikipiki nyekundu na sauti ya kubembeleza. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Aliwaamkia wazee kwa shikamoo ya kuinama, aliketi kwenye mkeka, alikula alichopewa. Aliwakusanya akina mama ishirini kwenye baraza ya kigango akawaambia kwamba wamekalia mali bila kujua. Ntalali wanazoziacha ziokotwe na ndege, yale matunda madogo meusi ya kipupwe, zina vitamini. Mbula nazo zina vitamini. Mjini watu wanakula jamu ya machungwa na nanasi iliyosafiri kutoka nchi za watu, na hapa porini tunda bora linaoza.

Aliwafundisha kuloweka matunda, kuyafikicha, kuchuja nyama, kupima sukari sawasawa na nyama, kukamulia limau. Aliwafundisha kuchemsha chupa kwanza, kujaza jamu ingali ya moto, kufunga na kuigeuza chupa kichwa chini. Aliwafundisha kuijua jamu iliyoiva: unadondosha tone kwenye sahani baridi, unalisukuma kwa kidole, likikunjamana kama ngozi, epua, likikimbia kama maji, koroga tena. Wengine waliunguza, wengine waliepua mapema ikachacha. Eustadia hakukosea hata mara moja. Alilitazama povu tu, akasema, "Tayari," na tone likakunjamana.

"Mama huyu ni mtaalamu kuliko mimi," Renatus akasema mbele ya watu wote.

Siku hiyo Eustadia alirudi nyumbani akiwa haoni njia.

"Na hizi kokwa?" Recheli aliuliza, siku walipopika mbula. Alikuwa amekuja kuangalia tu.

"Hizo ni taka, bibi," Renatus akamjibu kwa adabu. "Ila zinawaka vizuri. Mnaweza kuokoa kuni."

Akina mama wakacheka, maana ni kweli kokwa za mbula zikikauka zinashika moto. Recheli hakucheka. Aliinama akajaza kokwa kwenye beseni lake, akajitwika, akaondoka bila kuaga. Eustadia aliona aibu kwa niaba yake, kama unavyoona aibu ndugu yako akiomba chakula harusini.

Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakuwa wajinga. Lakini msala ule ulikuwa mzuri, una herufi za kijani.

Sasa Benedikta. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amejifungua Kabula msimu wa mvua kubwa, na baba wa mtoto alishapotea kabla hata mvua hazijakatika. Kabula alipofikisha mwaka na miezi mitatu, mwezi wa pili, Benedikta alisikia kwamba upande wa Nzega machimbo yametema dhahabu, na wachimbaji wanahitaji wa kuwapikia. Akamwachisha mtoto ziwa, akafunga nguo zake.

"Mama, nakuachia huyu."

"Nenda, mwanangu," Eustadia akasema. "Mjukuu wa Eustadia hawezi kukosa cha kula."

Na kweli hakukosa. Hilo ndilo linalouma mpaka leo: hakuna siku ambayo Kabula alilala na njaa.

Asubuhi ile ya kwanza Eustadia alipika uji wa mahindi yaliyokobolewa, mweupe, mzuri, akakumbuka unga wa viini vya mbula. Hakuwa nao. Kokwa zote za msimu uliopita zilikuwa zimeungua chini ya masufuria ya jamu. Angeweza kwenda kwa Recheli kuomba. Lakini kwa nini akaombe taka, na ndani ana chupa tisa za jamu ambayo mtaalamu kasema ina vitamini? Akatia vijiko viwili, akakoroga, uji ukawa wa zambarau. Kabula alionja. Akafungua macho. Akaushika mkono wa bibi yake kwa mikono yote miwili asiondoe kijiko.

Kuanzia hapo ikawa uji na jamu asubuhi, uji na jamu mchana, na jioni ugali laini uliochovywa kwenye jamu. Mtoto akishazoea utamu, mweleze nini kuhusu maharage? Akipewa maharage, anatema. Akipewa dagaa, anageuza uso. Eustadia akacheka, akawaambia majirani, "Huyu wangu ana mdomo wa wageni, hali mpaka awekewe jamu." Yai kuku akitaga lilikuwa la kuuza. Maziwa yalikuwa ya wenye ng'ombe. Na uji ule ulimshibisha Kabula kabisa, tumbo likawa duara.

Kufika mwezi wa tano mashavu yalikuwa yamejaa. Miguu imeumuka, vifundo havionekani. Kliniki walimning'iniza kwenye mzani, mzani ukasema uzito umepanda. Mzani haujui kutofautisha nyama na maji. Nywele zake zikalainika, zikaingia wekundu, na wanawake kisimani wakasema huyu atakuwa mrembo, ana nywele za Kiarabu. Hata kulia aliacha. Ukimweka kwenye mkeka, utamkuta pale pale, katulia, anatazama mikono yake.

"Mtoto wako ana adabu kama mtawa," walimwambia. Eustadia akapokea na hiyo.

Aliyekuwa na neno jingine ni Recheli. Asubuhi moja alikuja na karanga mbichi kwenye ungo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, wifi. Karibu."

Recheli aliketi, akamvuta Kabula mapajani. Hakumbusu, hakumrusha rusha. Aliukamata mguu wake akabonyeza kidole gumba juu ya wayo, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Pale palipobonyezwa pakabaki shimo. Likakaa. Likakaa tena.

"Umeona hiki?"

"Nimeona nini? Mtoto amenona."

"Unono haubonyei hivi, Eustadia. Huu si mwili, ni maji. Kabla sijaolewa niliona watoto wa namna hii, mwaka ule wa njaa kubwa. Mpe karanga. Mpe viini, ninavyo, nimetwanga. Acha hayo masukari yenu."

Labda angelisema kwa upole, angelisikilizwa. Lakini Recheli hakuwa na upole, na Eustadia masikio yake yalikuwa yamejaa sifa za miezi minne.

"Wifi," akasema, "tangu kikundi kianze hukukipenda. Sasa umehamia kwa mtoto?"

"Mimi nakwambia la mtoto, wewe unaniambia la kikundi."

"Wewe hukuzaa. Utajua nini kuhusu kunona kwa mtoto?"

Lilikuwa neno ambalo halimo kwenye utani wa mawifi. Recheli alimweka Kabula chini taratibu. Akachukua ungo wake, karanga akaziacha kwenye mkeka, akaenda zake. Jioni ile Eustadia, Mkatoliki wa benchi la pili, alimfunga mjukuu wake uzi mweusi shingoni kumkinga na jicho baya. Karanga akawamwagia kuku.

Mwezi wa saba Renatus alikuja na mpiga picha. Shirika lilitaka lebo mpya kwa ajili ya Nane Nane, yenye sura ya mtu wa hapa, siyo michoro ya matunda tu. Alimwona Kabula mkekani akasimama.

"Bibi, huyu ndiye anayekula jamu?"

"Kila siku. Tangu aachishwe ziwa."

"Basi tumeshapata picha."

Mpiga picha alipiga makofi, akatikisa funguo, akaimba. Kabula hakugeuka. Alikuwa akitazama mikono yake. Mwishowe Eustadia alimwinua kidevu kwa kidole, akakitoa haraka, na mashine ikalia.

Kwenye viwanja vya Nane Nane pale Ipuli, Eustadia alikaa nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, amevaa kitenge kipya, Kabula mapajani, chupa zimepangwa mbele zenye sura ile ile iliyoko mapajani. Watu walisimama kulinganisha, wakicheka kwa furaha. "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!" Ofisa mmoja alimuuliza siri ya afya hii ni nini, na Eustadia akajibu kwa kipaza sauti, "Ushahidi ndio huu, ndugu zangu. Sina maneno mengi." Wakampigia makofi. Chini ya kitenge, ngozi ya miguu ya Kabula ilikuwa imeanza kuchanika na kubanduka kama rangi ya ukuta, na Eustadia alikuwa ameipaka mafuta ya mgando asubuhi ili isionekane. Aliona ni vumbi la kipupwe. Au alitaka iwe hivyo. Baadaye alijiuliza sana swali hilo.

Wiki mbili baada ya Nane Nane Kabula alianza kuharisha. Siku ya tatu alikataa hata jamu. Eustadia alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akapata gari la mkaa, akafika mjini hospitali.

Wodi ya watoto ilikuwa na nesi mmoja mrefu, mwenye miwani, jina lake Advera. Alimpokea mtoto, akamlaza, akamvua. Hakuonyesha mshangao; alivuta kiti.

"Shikamoo, bibi. Mama yake yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko Nzega, kutafuta maisha. Mimi ndiye ninayemlea."

"Anakula nini?"

Hapo Eustadia akanyooka. Hata katika hofu ile, kulikuwa na sehemu yake iliyokuwa ikilingoja swali hili. Alifungua mfuko akatoa chupa, akaiweka mkononi mwa nesi. "Hii. Nampikia mwenyewe. Soma, imeandikwa."

Advera alisoma. Akatazama picha. Akamtazama mtoto kitandani, kisha picha tena, kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, picha hii ilipigwa lini?"

"Mwezi wa saba. Kabla hajaumwa."

Advera alivua miwani. Akachukua mguu wa Kabula, akabonyeza kidole gumba juu ya wayo, akangoja, akaachia. Shimo likabaki. Eustadia alilitazama shimo lile. Alikwisha kuliona shimo hilo hilo, mguu huo huo, mkekani kwake.

"Alikuwa ameshaanza kuumwa, bibi. Mashavu haya si unono. Ni kwashakoo."

"Lakini ina vitamini," Eustadia akasema. "Mtaalamu kasema."

"Tunda bichi lina vitamini, ni kweli. Ukilichemsha saa nzima, nyingi zinaondoka na mvuke. Kinachobaki chupani zaidi ni sukari. Si sumu. Mtu mzima akipaka kwenye mkate, hakuna ubaya. Ila mtoto hajengwi nayo. Mtoto anataka mafuta, anataka maharage, karanga, dagaa, yai. Hukuwa na karanga?"

Eustadia alikuwa akiwaona kuku wake.

"Zamani huko kwenu si walikuwa wanatia viini vya mbula kwenye uji?" Advera akaendelea, akiandika. "Bibi yangu alitulea navyo. Vile vilikuwa na kila kitu."

Walimwanzishia maziwa maalumu, kikombe kidogo kila baada ya saa chache, kipimo kwa kipimo, kwani mwili uliochoka namna ile ukiulisha kwa pupa unaumaliza. Siku ya pili uvimbe wa macho ulipungua, na Kabula akaonekana alivyokuwa hasa: mtoto mdogo, mwembamba, mifupa tupu. Maji yakishatoka, hakuna kilichobaki. Eustadia hakuwa amewahi kumwona.

Siku ya tatu Recheli aliingia wodini, vumbi mpaka magotini, na kifundo cha kitambaa mkononi. Kilikuwa na unga wa viini. Alimkabidhi Advera, na Advera akamshukuru, akamweleza kwamba kwa sasa tumbo haliwezi, unga huu ni wa siku atakapotoka. Recheli akauweka dirishani. Akakaa sakafuni karibu na wifi yake. Hakusema, "Nilikwambia." Eustadia alikaa akilingoja neno hilo siku nzima, akilitamani hata, apate la kujibu au la kulilia. Halikuja.

Siku ya tano, asubuhi, kifua cha Kabula kilibana. Madaktari walifanya walichoweza. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameondoka, na kifundo cha unga kikiwa bado dirishani.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na sisi hulisema kila siku bila kulifikiria. Eustadia alilisikia likisemwa na mtu njiani siku ya kurudi na maiti, mtu aliyekuwa akizungumzia mambo yake mengine kabisa, na akaziba masikio kwa kanga.

Benedikta alifika kutoka Nzega jioni ya mazishi, kaburi limeshafunikwa. Alilala juu ya udongo mpaka wakambandua. Alipouliza mtoto alikufa kwa nini, Eustadia alisema, "Kifua, mwanangu. Kifua kilimbana." Ulikuwa ukweli, kipande chake cha mwisho. Vipande vingine alibaki navyo.

Renatus alikuja msibani. Eustadia alimwita pembeni ya ghala akamweleza yote, alivyoambiwa na nesi, bila kupandisha sauti. Kijana alilia waziwazi. Alisema hakujua. Alisema hakusomea lishe, alisomea masoko. Alisema ataomba wabadili lebo, lakini zilikwisha kuchapwa nyingi, na wakubwa wake wataamua. Eustadia alimsikiliza, akamwona alivyo mdogo, hata ndevu hazijakaa vizuri, na hasira aliyokuwa amemwekea ikakosa pa kushika. Ikamrudia mwenyewe.

Hakungoja wakubwa. Wiki iliyofuata alikwenda Kanyenye na ndoo mbili. Duka la kwanza, la Shaban, lilikuwa na chupa kumi na moja, Kabula kumi na moja wamejipanga wanamtazama, au hawamtazami, wanatazama mikono yao.

"Karibu, bibi. Umeleta mzigo mpya?" Shaban akauliza. "Zinatoka hizi. Picha ndiyo inayoziuza."

"Nimekuja kuzichukua."

"Zina kasoro?"

"Mtoto huyu amekufa," Eustadia akasema. "Na hapo alikuwa anaumwa. Sote tuliona amenona."

Shaban alizishusha moja moja, akamsaidia kuzipanga ndooni, akasema tu, "Pole, mama yangu." Duka la pili walimpa nne. La tatu hazikuwapo, zilikuwa zimenunuliwa zote, na hakuna aliyejua ziko katika nyumba za nani, mbele ya watoto gani.

Nyumbani alimwaga maji kwenye beseni kubwa, akazilaza chupa ndani ili gundi ilainike. Ilikuwa katikati ya asubuhi. Mbula zilikuwa zimeanza kuanguka porini, na Recheli alikuwa kaketi chini ya ukingo wa paa, jiwe juu ya jiwe, akipasua kokwa zilizobaki za mwaka jana. Tangu msiba alikuja kila siku. Lebo zilianza kubanduka zenyewe, zikaelea, sura ya Kabula moja, sura ya pili, ya tatu. Eustadia alizikusanya kuzitupa motoni.

"Mama! Unafanya nini?"

Benedikta alikuwa mlangoni. Alikuja mbio, akapiga magoti kando ya beseni, akaokota lebo moja kwa vidole viwili, akaipangusa maji kwenye gauni lake.

"Usichome. Mimi sina picha yake. Simu yangu iliibwa machimboni, zote zilikuwa mle. Sina hata moja, mama. Nilimwacha ana miezi kumi na mitano." Aliikunjua karatasi kwenye paja lake, taratibu isichanike. "Kumbe alikuwa hivi."

Eustadia alisimama na mikono iliyolowa.

"Kule Nzega kila mtu aliniambia nitamuua mwanangu kwa kumwacha," Benedikta akasema, macho hayatoki kwenye picha. "Hata mimi nilijiambia. Nilijua alikuwa anakonda, ananiita, na mimi niko kule napika wali wa watu. Lakini tazama mashavu haya. Hapa alikuwa mzima, eti mama? Hapa alikuwa amenona?"

Jiwe la Recheli lilikuwa limesimama hewani. Eustadia alimtazama wifi yake, akitafuta usoni pake ruhusa ya kusema au amri ya kunyamaza. Recheli aliinamisha kichwa akatazama kokwa yake.

"Alikuwa mzima, mwanangu," Eustadia akasema. "Alikuwa amenona."

Benedikta akaibana karatasi ile kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu aje, uso wake ukalegea.

"Basi ulimlea vizuri," akasema. "Asante, mama."

Recheli akashusha jiwe, kokwa ikapasuka, akatoa viini viwili akavitia kwenye sahani.